Mwongozo wa Kuelewa Ulaji na Unywaji wa Paka wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Uganda, paka huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kufukuza panya kabla ya kuhesabiwa kuwa mnyama wa kufugwa, na chakula chake huwa ni posho (ugali) iliyobaki, mchuzi kidogo na dagaa wa mukene. Mwenye nyumba huanza kushangaa pale paka anapowekewa maji safi bakulini naye akaenda kunywa kwenye beseni la nguo, au anapokula matonge mawili, akakwaruza sakafu kana kwamba anafukia sahani, kisha akaondoka. Wengine hutafuna nyasi asubuhi na kuzitapika juu ya zulia, na wako wasiogusa samaki aliyelala usiku mmoja ingawa binadamu angemla bila wasiwasi.

Karibu kila moja ya tabia hizo ina sababu inayoeleweka, na nyingi hazihitaji dawa. Jambo la kuzingatia ni kwamba tabia ya ajabu ambayo paka amekuwa nayo tangu utoto wake si ya kutisha sana, bali ile iliyojitokeza ghafla kwa paka asiyekuwa nayo ndiyo inayostahili kuchunguzwa haraka, hata ikiwa inaonekana ndogo.

Hatua ya kwanza: Mfahamu mnyama uliye naye

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mwindaji mdogo wa nyika kavu ambaye hula panya, ndege, mijusi na wadudu. Mawindo hayo yana maji kiasi cha asilimia 70 hivi, kwa hiyo mnyama huyo aliweza kuishi bila kutegemea sana mito na visima, na figo zake zilizoea kubana mkojo hadi uwe mzito. Paka wako amerithi figo hizo pamoja na hisia ndogo ya kiu, na ndiyo maana hata akipungukiwa maji mwilini hakimbilii bakuli upesi kama mbwa.

Kwa upande wa chakula, paka ni mla nyama kwa lazima, wala si kwa kupenda tu. Mwili wake hauwezi kugeuza rangi ya karoti au ya viazi vitamu kuwa vitamini A kama wetu unavyofanya, na hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Paka anayekosa taurini kwa muda mrefu huharibika macho, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa upungufu huohuo hulegeza misuli ya moyo. Kwa sababu hiyo, paka anayelishwa posho na mchuzi mtupu akawa anaiba nyama jikoni hana tabia mbaya, anatafuta asichopewa.

Kuhusu utamu, mwaka 2005 wanasayansi wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia walieleza kuwa jeni moja kati ya mbili zinazounda kipokezi cha ladha tamu kwenye ulimi imeharibika katika jamii yote ya paka. Ukimwona paka analamba mandazi au keki, basi anafuata mafuta, maziwa au mayai yaliyomo, kwa kuwa sukari yenyewe haionji.

Hatua ya pili: Andika kabla ya kubadilisha chochote

Chukua daftari na uandike kwa muda wa wiki moja kile paka anachokula, mahali anapokunywa, mara anazotapika na hali ya kinyesi chake. Wenye paka wengi huruka hatua hii na kukimbilia kubadilisha chakula, na mwishowe hawajui ni badiliko gani lililosaidia.

Ili kupima maji, tumia chupa ya soda ya nusu lita yenye alama ulizochora mwenyewe. Mimina kiasi unachokijua asubuhi na upime kilichobaki kesho yake saa ileile. Kwa kuwa maji hukauka, hasa wakati wa kiangazi, weka bakuli la pili la aina ileile mahali ambapo paka hafiki, kisha uondoe kiasi kilichopungua humo kwenye hesabu yako. Paka mwenye afya huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, lakini kiasi hicho kinajumuisha maji yaliyomo ndani ya chakula. Paka wa kilo 4 anayekula chakula cha majimaji anaweza kugusa bakuli lake mara chache tu kwa siku na bado akawa salama kabisa, ilhali yule anayekula chakula kikavu cha dukani, ambacho kwa kawaida kina maji asilimia 10 tu, lazima aonekane akinywa.

Hatua ya tatu: Rekebisha mambo ya maji

Hapa ndipo penye maajabu mengi, na pia ndipo ambapo mabadiliko madogo huleta faida kubwa, kwa sababu paka asiyekunywa vya kutosha huwa katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kibofu.

Kwanza, angalia namna anavyokunywa. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba paka huteka maji kwa ulimi uliokunjwa kama kijiko. Mwaka 2010 watafiti wanne nchini Marekani walimpiga paka picha za video za mwendo wa kasi, wakaona kuwa hafanyi hivyo: ncha ya ulimi, ikiwa imepindwa kuelekea nyuma, hugusa tu uso wa maji na kuvutwa juu upesi, ikiinua nguzo nyembamba ya maji, kisha paka hufunga kinywa kabla nguzo hiyo haijaanguka. Hurudia kitendo hicho karibu mara nne kwa sekunde. Kwa mwenye paka, funzo lake ni la vitendo: maji yafike karibu na ukingo wa bakuli, na bakuli lenyewe liwe pana, ili paka asilazimike kuingiza kichwa chote ndani ya chombo chenye kina na kukunja sharubu zake. Kikombe kirefu cha plastiki ni chombo kibaya kwa kazi hii. Sahani nzito ya udongo au ya chuma hufaa zaidi, tena haishiki harufu wala haipinduki ovyo.

Paka anayetumbukiza mguu katika maji kabla ya kunywa, au anayelamba mguu uliolowa badala ya kunywa moja kwa moja, mara nyingi anatafuta uso wa maji, kwani macho ya paka huona vibaya vitu vilivyo karibu sana na pua, na maji matulivu ndani ya chombo cheupe ni vigumu kuyatambua. Jaribu kutumia chombo chenye rangi nzito.

Pili, tazama mahali ulipoliweka. Paka wengi hawapendi maji yaliyo ubavuni mwa chakula, na hawapendi kabisa yaliyo karibu na mahali wanapojisaidia. Weka vyombo viwili au vitatu sehemu tofauti za nyumba, kimojawapo kikiwa nje mahali penye kivuli, ambapo paka anaweza kunywa huku akiona anayekuja. Ukifuga paka zaidi ya mmoja, jambo hili si la hiari, kwa sababu paka mwenye nguvu anaweza kumzuia mwenzake asifike kwenye maji kwa kukaa tu njiani bila kupigana.

Tatu, chunguza maji yenyewe. Maji ya bomba yaliyotoka kukingwa huweza kuwa na harufu ya klorini ambayo pua ya paka huinasa. Yakiachwa wazi kwenye ndoo kwa saa kadhaa, harufu hupungua. Maji ya mtungi wa udongo hupendwa na paka wengi, na sioni sababu ya kuwanyima. Maji yanayodondoka kutoka bombani huvutia kwa sababu yanasogea na kutoa sauti. Paka wako akipenda hivyo, mfungulie kidogo unapokuwa karibu, kisha ufunge, maana bili ya maji ni yako. Beseni la nguo ni jambo jingine: lina sabuni, na pengine dawa ya kung'arisha nguo. Lifunike. Choo kifunikwe pia, kwa sababu dawa za kuua vijidudu zenye fenoli ni sumu kwa paka, ambaye ini lake huzivunja kwa shida kubwa hata kama amelamba matone tu kutoka kwenye nyayo zake.

Maziwa hayachukui nafasi ya maji. Paka wengi waliokwisha kuachishwa kunyonya hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, hivyo hupata gesi na kuharisha, na kuharisha huwapotezea maji zaidi kuliko waliyopata. Kama unataka kumwongezea hamu ya kunywa, mpe maji yaliyochemshiwa samaki au kuku bila chumvi, bila kitunguu na bila viungo, yakiwa vuguvugu.

Hatua ya nne: Panga chakula kulingana na mwindaji, si kulingana na mezani

Panya mmoja humpa paka nishati ya takriban kilokalori 30, wakati paka wa kilo 4 huhitaji kiasi cha kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Maana yake ni kwamba mwili wake umejengwa kwa vijilo vidogo vidogo, karibu panya 8 waliogawanywa mchana na usiku. Anayekula kidogo, akaondoka, akarudi baada ya saa mbili, anafuata ratiba hiyo, wala hajakidharau chakula chako. Kama unaweza, mgawie mara tatu au nne kwa siku badala ya mlima mmoja jioni, ambao katika joto letu huchacha na kujaa nzi kabla haujaisha.

Joto la chakula lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mawindo yaliyotoka kuuawa huwa na joto la mwili, na chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu ya kutosha ya kumshawishi mnyama anayechagua kwa pua kabla ya ulimi. Ongeza maji moto kidogo, koroga, pima kwa kidole, kisha umpe. Mara nyingi paka aliyekataa kabisa hula bila kusita baada ya hapo.

Sasa tuje kwa mukene, kwa kuwa ndiye chakula cha paka cha bei nafuu kuliko vyote kwenye masoko yetu. Ni chakula kizuri: huliwa mzima pamoja na mifupa yake midogo, hivyo hutoa protini na kalsiamu kwa pamoja, jambo ambalo mnofu mtupu wa ng'ombe au wa sangara hauwezi kulitimiza. Lakini mukene wa daraja la chini huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo huishia tumboni mwa paka. Muoshe kwa maji vuguvugu mara kadhaa upesi upesi mpaka maji yatulie bila mchanga chini, kisha umchemshe kwa dakika kumi na tano hivi. Usimwage maji ya kuchemshia, kwa sababu taurini huyeyuka na kuingia humo; yamimine juu ya chakula. Mukene aliyetiwa chumvi ndiye pekee ambaye maji yake ya kwanza humwagwa. Usimpe paka samaki wabichi kila siku, kwani baadhi ya aina za samaki zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayekosa vitamini hiyo huyumba, huinamisha shingo na hata kupata degedege. Moto hukiua kimeng'enya hicho.

Samaki peke yake mwaka mzima pia haifai, kwa kuwa mafuta mengi ya samaki yasiyosawazishwa na vitamini E huleta uvimbe wenye maumivu chini ya ngozi. Badilisha kwa mioyo na firigisi za kuku, yai lililochemshwa na nyama ya bei nafuu. Maini yawe kipande kidogo mara moja kwa wiki tu. Yakiwa chakula cha kila siku, vitamini A huzidi na mifupa ya shingo hushikana. Posho si sumu, na ikipikwa vizuri paka huisaga kwa kiasi fulani, lakini binafsi sipendekezi izidi robo ya bakuli, na kamwe isiliwe na mchuzi wa binyebwa (karanga) au wa nyama uliotiwa vitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali, hivyo iondoe.

Kuna imani kwamba paka akishiba haui panya. Majaribio yaliyofanywa katika miaka ya 1970 yalionyesha paka wakiacha chakula wanachokipenda, wakamuua panya aliyepita, kisha wakamleta karibu na sahani na kuendelea kula. Kuwinda na njaa ni mambo mawili tofauti katika ubongo wa paka. Kumnyima chakula kunamdhoofisha tu, na kunamsukuma kwenye mapipa ya taka na kwa panya wagonjwa waliokula sumu, ambao ndio rahisi kukamatwa. Ikiwa wewe au jirani yako mmetega sumu ya panya, mfungie paka ndani.

Kukwaruza sakafu kando ya sahani ni silika ya kuficha mabaki ili harufu isiwavute wanyama wengine. Kuburuta kipande cha nyama hadi chini ya kitanda ni kutafuta faragha, na ni ishara kwamba mahali pa kulia pana watoto, mbwa au paka mwingine anayemsumbua. Msogezee sahani, badala ya kumgombeza.

Hatua ya tano: Tenganisha visivyo chakula

Kula nyasi ni kawaida, na paka wengi hufanya hivyo bila kuonyesha dalili yoyote ya kuumwa kabla yake. Kutapika baadaye hutokea kwa baadhi yao. Unachopaswa kuangalia ni nyasi zenyewe: ua lililopigwa dawa ya magugu, au kingo za shamba lililonyunyiziwa, ni mahali pa hatari. Maua ya yungiyungi yanayouzwa kwa ajili ya vyombo vya mezani yasiingie kabisa katika nyumba yenye paka, kwa sababu hata unga wake ukilambwa kutoka kwenye manyoya unaweza kuharibu figo.

Msimu wa nsenene (aina ya panzi) unapofika, hasa mwezi wa Novemba, na wakati kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua, paka hukesha chini ya taa na kujaza tumbo. Waache wale. Wadudu wabichi ni sehemu ya chakula chao cha asili, na mabawa yakitapikwa asubuhi si jambo la kutisha. Nsenene waliokaangwa kwa vitunguu na chumvi ni wa kwako peke yako, na wadudu walionyunyiziwa dawa wafagiliwe mara moja.

Kunyonya au kutafuna blanketi huonekana zaidi kwa paka walioachishwa kunyonya mapema mno na kwa jamii ya Siamese. Ikiwa anameza nyuzi, zifiche, kwani uzi mrefu unaweza kuukunja utumbo. Paka mzima aliyeanza ghafla kula udongo, majivu, au kulamba ukuta wa saruji ni kesi nyingine: funua mdomo wake na utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, huenda amepungukiwa damu kutokana na viroboto au minyoo, na matibabu yake hayako jikoni.

Hatua ya sita: Jua wakati wa kwenda kwa daktari

Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, akilia na bila kutoa mkojo, apelekwe siku hiyohiyo, usiku ukiwemo. Mrija wake ukiwa umeziba, anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Watu wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta, na muda ukapotea.

Paka asiyekula chochote kwa saa 24 hadi 48 asisubiriwe zaidi, hasa akiwa mnene, kwa sababu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulizidi nguvu. Kitoto cha paka hakipewi hata siku nzima. Anayekaribia sahani kwa hamu, kisha akainamisha kichwa upande mmoja, akadondosha chakula au kutoa mate mengi, ana maumivu ya kinywa au meno. Paka mzee aliyeanza kunywa zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo kutoka bakulini kila siku apimwe figo, sukari na tezi ya shingo. Hapa ndipo chupa yako yenye alama inapofanya kazi.

Usimpe dawa za binadamu unaposubiri. Panadol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua.

Kama unaishi Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina chuo cha tiba ya mifugo, na zipo pia kliniki binafsi za wanyama wadogo. Mikoani, anza na afisa mifugo wa wilaya, hata kama siku zote umemwona akishughulika na ng'ombe tu. Nenda na daftari lako, pakiti ya chakula anachokula, na kinyesi kidogo cha siku hiyo ndani ya kichupa kisafi. Kwenye bodaboda, mweke paka ndani ya kikapu chenye mfuniko uliofungwa na matundu ya hewa, ukitandika kitambaa anacholalia, na umpigie daktari simu kabla ya kuondoka ili ujue kama atakuwepo.